Boila la Mtoto wa Ami

Mtu aliyenitia wivu kuliko wote pale Maskati hata hakuwa akiishi Maskati. Alikuwa Kuweti. Ni mtoto wa ami yake mke wangu, na kwa ada yetu yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kumuoa kwanza. Aliniachia kwa hiari, akasema hana neno. Kisha akamletea ami yake, yaani mkwe wangu, boila la shaba, la kuchemshia maji kwa mafuta ya taa.

Baridi ya mwaka wa sabini, nimerudi Omani karibuni tu kutoka masomoni, tulikaa kwa mkwe wangu ndani ya ukuta wa mji. Kila alfajiri mzee akitawadha maji ya moto, akiswali, kisha akiomba kwa sauti: "Ya Rabbi, mjaze kheri aliyetuletea maji haya." Nami nyuma yake naitikia amini, meno yamekazana. Mimi niliyejisomesha ng'ambo kwa kuosha vyombo vya watu, nikarudi na diploma ya umakanika, ya kwanza katika ukoo mzima, sikutajwa hata siku moja.

Basi boila likaanza kugonga. Du, du, du, kama mtu kafungiwa ndani. Nilifurahi. Mama mkwe akalifukiza ubani.

"Limeingiliwa na jini hili," akasema. Likazidi.

"Mwenyewe aliyelileta kaja Matrah, hapa jirani, wiki hii," akasema mzee. "Nampelekea khabari aje alitazame."

Furaha ikanitoka. Mke wangu akanitazama. "Bwana, hiyo diploma yako haina masikio?"

"Nna masikio mimi! Hashiki mtu spana nyumbani mwangu."

"Mwa baba," akasema, akacheka.

Asubuhi niliegemeza ncha moja ya bakora ya mzee kwenye boila, nyingine sikioni. Kishindo kilitoka chini kabisa, juu ya moto. Nikazima, likapoa, nikafungua. Ukoko mweupe, mgumu kama jiwe, umeshika chini, na maji yaliyonaswa humo ndiyo yaliyokuwa yakichemka na kuripuka. Kwetu Unguja, nilikokulia, tulikinga mvua, masufuria yetu hayakuota chokaa. Hapa tulijazia maji ya kisima juu ya maji ya kisima, asiwaze mtu kumwaga ya chini. Nikakamulia humo kapu zima la ndimu, nikalitia moto mdogo, kisha nikakwangua kwa kijiti. Nilipoliwasha tena lilikoroma kama paka aliyeshiba, basi.

Alasiri mtoto wa ami akafika, saa ya dhahabu mkononi. Akatega sikio.

"Mbona kimya? Nimeitiwa nini?"

"Umeitiwa kahawa," nikamjibu, nikamtia kipande cha ukoko kiganjani. "Huyu ndiye jini wako."

Akacheka mpaka akafuta machozi. "Wallahi, ami, umepata mkwe. Mimi ningelitupa hili, nikakuletea jipya."

Jipya! Mke wangu akammiminia kahawa yeye kwanza. Mgeni, najua. Yangu nikaiacha ipoe.

Tukaswali magharibi pamoja. Mzee akainua mikono. "Ya Rabbi, mjaze kheri aliyetuletea maji haya." Nikafungua mdomo niitikie. Mzee akaongeza: "Na huyu aliyeyatuliza."

Aliyeitikia amini kwa sauti kuliko wote alikuwa yule mtoto wa ami. Hata hiyo amini sijamsamehe.