Kibao Kilisema Chala

Nilifunga safari ya Chala kwa sababu ya jina. Binti yangu Generosa, aliyeolewa huko na kijana wa wakulima anayeitwa Osward, alijifungua mtoto wa kike, na kwa miezi miwili mtoto yule alikuwa akiitwa Mtoto. Mimi nilitaka aitwe Yustina, jina la marehemu mama yangu. Mama mzazi wa Osward alitaka aitwe Skolastika, jina la marehemu mama yake. Tulibishana kwa simu, na simu za Chala zina tabia ya kukatika pale tu unapofikia hoja yako nzuri, kwa hiyo hakuna aliyeshinda.

Mkwe mwenzangu huyo sikuwahi kumwona kwa macho. Siku ya harusi mimi nilikuwa nimelazwa na malaria, na baada ya hapo yeye alikuwa na shamba lake na mimi nina duka langu la vitambaa, na duka halina likizo. Nilimjua kwa sauti ya simu, sauti ya mtu anayesemea ndani ya pipa.

Hatimaye Osward, kijana mpole mpaka anatia huruma, alinipigia. "Shikamoo mama. Jumapili kuna ubatizo. Katekista anataka jina Jumamosi kabla jua halijazama. Njoo mkae na mama uso kwa uso, mkubaliane. Msipokubaliana, mtoto wetu atarukwa." Nikamwambia nakuja, na moyoni nikajiambia naenda kuchukua jina la mama yangu, sio kukubaliana.

Jumamosi asubuhi niliondoka nyumbani Milanzi, hapa Sumbawanga, nimevaa koti zito la sufu, maana baridi ya mwezi wa saba kwetu haina adabu. Mkononi nilikuwa na blanketi la mtoto, zuri kuliko yote dukani. Duka nilimwachia mdogo wangu Fides, ambaye hawezi kuuza hata kitambaa cha leso bila kunipigia kuuliza bei. Nikazima simu. Nilijiona mjanja sana.

Stendi nilifika saa mbili. Kuna wakala mmoja wa tiketi pale amefunga kipaza sauti juu ya kibanda chake, na kazi yake ni kutangaza magari. Nimeishi mji huu tangu kuzaliwa, lakini mimi si msafiri, na sikuwahi kukisikiliza kile kipaza sauti nikiwa na shida ya gari. Siku hiyo nilikuwa nayo, nikakisikiliza. Kilikoroma, kikapiga mluzi, kikasema "abiria," kikakoroma tena kwa muda mrefu, kikamalizia na "asanteni." Watu waliokuwa wamekaa wakainuka kwa pamoja na kwenda sehemu tofauti kabisa. Nikamuuliza baba mmoja mwenye begi, "Wamesema nini?" Akajibu, "Wametangaza," akaenda zake.

Nikamfuata mpiga debe. "Mambo vipi mama, unaenda wapi?" Nikasema Chala. "Chala hiyo hapo, panda mama, linaondoka!" Nyuma yangu mtu mwingine akamwambia Laela, na yule kijana, bila hata kugeuza shingo, akamwambia "Laela hiyo hapo, panda!" akimwonyesha gari lile lile. Hapo nikaona heri nitumie macho yangu. Nilisoma shule ya msingi mpaka nikamaliza. Kwenye kioo cha mbele cha basi kulikuwa na kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: CHALA. Nikapanda.

Kwenye kiti cha pembeni yangu kulikuwa na mama wa rika langu, amejifunga khanga mbili na sweta, na miguuni ana kikapu chenye kuku jike aliyeonekana kuwa na hasira na dunia. Tulisalimiana. "Gari la Chala hili?" nilimuuliza, kwa kujihakikishia tu. Akacheka. "Dada, mimi nimekuja nalo asubuhi hii hii kutoka Chala. Sasa litarudi wapi tena?" Nikaridhika kabisa. Mimi nilikuwa na ushahidi wa kibao, na yeye alikuwa na ushahidi wa safari yake ya asubuhi.

Tulipoacha mji nyuma, kwenye lami ya kuelekea Ntendo, tulikuwa tumeshazoeana. Mama yule alikuwa na kinyongo na kinyongo kilitaka kutoka. "Nimeamka alfajiri kuja kumpokea mgeni stendi," alisema. "Mwanangu kaniambia, mama, nenda ukamchukue, yule si mtu wa safari, atapotea. Nimezunguka stendi nzima. Hayupo! Simu yangu nimeiacha inachajiwa, nikaazima ya mtu, ya kwake imezimwa. Ameamua tu kutokuja. Na kuku huyu nilimletea yeye, asije akasema sisi ni wachoyo."

"Watu wengine hawana shukrani," nilisema, na nilikuwa namaanisha.

"Tena ni mtu mzito, wa mjini. Tunabishania jina la mjukuu. Mimi nataka jina la mama yangu aliyetulea saba peke yake, kwa ulezi tu, baba amefariki sisi wadogo. Aliuza ulezi tukasoma. Yeye hakuvaa kiatu mpaka anazikwa. Sasa jina lake likipotea, nani atajua kama aliwahi kuwepo?"

Maneno hayo yaliniingia. "Huyo anayekukatalia jina la mama kama huyo," nilisema, "ana roho ya namna gani? Mpe mtoto jina hilo, na huyo mtu wa mjini anune mpaka achoke."

Akanishukuru. Na mimi, kwa kuwa naye alinipa sikio, nikamweleza ya kwangu: mama yangu, aliyeshona nguo za watoto wa watu kwa mkono mpaka macho yakaisha, na siku anakufa alikuwa bado anapapasa sindano kwenye shuka, na mkwe wangu mmoja, mwanamke mkaidi wa shamba, anayenikatalia jina hilo bila sababu. Mama yule alifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Usikubali," alisema. "Jina la mama yako ndilo. Huyo mkaidi amkose Mungu wake."

Ntendo gari liliacha lami likakata kulia kwenye vumbi. Mwenzangu alitazama nje kidogo. "Labda anachukua mtu," alisema, tukaendelea kuwasema wakwe zetu. Konda alipotufikia kudai nauli tulikuwa kwenye ukingo wa uwanda, mahali ambapo barabara inaanza kuteremka na bonde la Rukwa lote linaonekana chini, jeupe kwa joto.

"Mnashukia Muze au mpaka mnadani?" aliuliza.

"Chala," tulisema wote wawili.

Konda alitutazama kwa huruma. "Mama zangu, leo Jumamosi. Jumamosi gari hili linaenda Milepa, mnadani. Kila mtu anajua."

"Na kibao?" nilipiga kelele.

"Kibao kina pande mbili, mama. Upande huu Chala, upande ule Sumbawanga. Milepa tungeiandika wapi?"

"Si mngekitoa!"

"Kikitoka jua linampiga dereva machoni. Halafu, ilitangazwa."

"Ilitangazwa," walisema abiria wa nyuma.

Nikageuka. "Ninyi mliisikia?"

Wakatazamana. "Hatukuisikia," alisema mzee mmoja mwenye kamba za mbuzi, "lakini ilitangazwa."

Kushuka pale mteremkoni hakukuwezekana, porini, hakuna gari la kurudi. Nikashika kichwa. "Generosa wangu mimi! Katekista anataka jina leo, na Osward atasema nimemdharau mama yake!"

Mama mwenye kuku aligeuka taratibu sana. Alinitazama koti, akatazama blanketi la mtoto mapajani, akanitazama tena usoni.

"Wewe ndiye Mama Generosa," alisema.

Sikuwa na pa kujificha. Kiti kilikuwa cha watu wawili na yeye alikuwa upande wa njia. Tuliteremka mlima mzima, kona baada ya kona, masikio yakiziba. Mimi nilikuwa nakumbuka nilivyosema kuhusu mwanamke mkaidi wa shamba. Yeye, nadhani, alikuwa anakumbuka habari ya kumkosa Mungu. Kuku peke yake ndiye aliyezungumza.

Milepa tulifika mchana, na joto lake nalikumbuka mpaka leo. Mimi na koti langu la sufu! Watu wa mnadani walinitazama kama mgonjwa. Mbuzi wamefungwa kila mahali, marundo ya mitumba, samaki wakavu wa ziwani, na dalali mmoja juu ya gogo anapaza sauti za bei. Mama Osward alininunulia maji, akanisaidia kuvua koti, akalikunja vizuri juu ya kikapu cha kuku. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Mama yako alikuwa anapapasa sindano siku anakufa?"

"Ndiyo."

"Basi mtoto aitwe Yustina."

"Hapana," nilisema. "Nilishakuambia kwenye gari. Mtoto ni Skolastika. Nilisema mwenye kukataa ana roho mbaya, siwezi kula maneno yangu."

"Na mimi nilisema usikubali! Sasa unakubali?"

Tukabishana upya, kila mmoja akimsukumia mwenzake ushindi, kwa sauti kubwa kuliko tuliyowahi kubishana nayo kwenye simu. Watu walifikiri tunagombania kuku.

Niliwasha simu. Mtandao ulikuwa unapatikana juu ya mkokoteni mmoja tu, karibu na mbuzi, na kulikuwa na foleni. Generosa alipokea mara moja. "Mama, uko wapi?"

"Milepa."

"Milepa? Na Mama Osward naye hajulikani alipo!"

"Niko naye. Sikiliza, tumeelewana. Mtoto aitwe Skolastika."

Mama Osward alipanda mkokoteni kwa nguvu ambayo sikumdhania, akaninyang'anya simu. "Usimsikilize mama yako! Yustina! Andikeni Yustina!" Nami nikapiga kelele "Skolastika!" kutoka pembeni yake, dalali akataja bei ya beberu, mbuzi wote wakaitikia, na simu ikakatika. Tulijaribu tena mpaka mwenye mkokoteni akatuomba tushuke. Hatukuwa na wasiwasi sana. Tulihesabu tutafika kabla jua halijazama, tutakwenda wenyewe kwa katekista, na yule mwenye sauti kubwa zaidi atampa mwenzake jina.

Lakini gari la mnada huondoka mnada ukiisha, na mnada huisha wenyewe ukitaka. Dereva alisubiri magunia ya samaki, kisha akamsubiri mwenye magunia, aliyekuwa anakula. Mlima tuliupanda jua likiwa limeshalala upande wa pili wa uwanda. Pale Ntendo tulishuka, tukapata lori la mahindi linalopanda kaskazini. Mama Osward alimuuliza dereva anakwenda wapi, nikamuuliza mimi, kisha tukamuuliza tena wote wawili kwa pamoja, na yule dereva akatuuliza kama tuna matatizo.

Chala tuliingia wakati taa zinawashwa. Osward alitupokea njiani, akachukua kikapu, akatusalimia kwa heshima zote, lakini alikwepa macho yetu. Ndani, Generosa alikuwa amekaa na mtoto. Nilikuwa sijawahi hata kumbeba. Kichwa kilikuwa kidogo, nywele laini, anapiga miayo kama mtu mzima. Nilimzungushia lile blanketi.

"Katekista yupo wapi?" aliuliza Mama Osward.

"Ameshaondoka, mama," alisema Osward. "Alisubiri mpaka jua lilipozama. Tumempa jina. Anaitwa Anna."

"Anna wa nani?" nilisema.

"Wa kwetu," alisema Generosa. "Jina tunalolipenda mimi na Osward."

Iliniuma. Nasema wazi, iliniuma kifuani. Siku nzima nilikuwa nimelitoa jina la mama yangu, lakini kulitoa mwenyewe ni kitu kimoja, na kukuta halikuwepo hata mezani ni kitu kingine. Mama Osward naye alijifunga khanga upya. "Hamkuweza kutusubiri?" alisema. "Ni gari tu lilitupoteza, jamani. Siku moja tu."

Generosa alimweka mtoto begani. "Mama, gari limewapoteza leo. Sisi tumewasubiri miezi miwili."

Mama Osward alikwenda jikoni, nikamfuata, tukakaa kwenye vigoda kumenya viazi, mpaka akasema, "Anna si jina baya." Nikasema si baya. Kisha akaanza kucheka peke yake, akikumbuka tulivyong'ang'ania mkokoteni, nami nikacheka mpaka kisu kikaniponyoka. Jumapili Anna alibatizwa, alilia vizuri sana, na yule kuku aliliwa.

Jumatatu nilirudi Sumbawanga. Nimejifunza kwamba basi linakwenda linakokwenda, si kule kulikoandikwa kwenye kibao, na kwamba ukitaka kujua ni wapi, muulize mtu anayeshika usukani, umuulize kabla ya kukaa. Na kwamba habari zako za wakwe usimweleze jirani wa kiti, mpaka uwe umeshamuuliza jina.

Wateja dukani bado wananiuliza mjukuu anaitwa nani na ni nani aliyempa jina. Huwa nawaambia ukweli. Anaitwa Anna, jina amepewa na baba na mama yake. Bibi zake tulikuwa mnadani.