Ukumbini Hakuna Upepo

Siku yangu ya kwanza ya uamuzi wa kuruka juu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, sikupewa kibendera. Nilipewa kitambaa cha kupangusia upau. Nilikuwa mtunza uwanja hapa Mombasa kisiwani, mtu wa darasa la saba, na Mwamuzi wa Mkoa alinichukua kwa kuwa msaidizi wake alikuwa mgonjwa.

"Bwana Salim," aliniambia, "jicho lako liwe kwenye upau, si kwa mrukaji. Mrukaji atakudanganya kwa uso wake."

Alinifunza taratibu. Upau haufungwi, hukalishwa tu juu ya vishikizo viwili vidogo vya nguzo. Mrukaji ana nafasi tatu kwa kila kimo. Ukibaki juu, kibendera cheupe, akiuangusha, chekundu. Lakini uwanja wetu ulipigwa na upepo wa baharini mchana kutwa, na upau ukiangushwa na upepo baada ya mtu kupita bila kuugusa, mruko ni halali. Kwa hiyo mrukaji akishashuka godoroni ndipo upau udondoke, mara nyingi tulijua ni upepo. Miaka sita niliinua cheupe namna hiyo.

Kutoka mkoa nilipandishwa kuamua mashindano ya taifa, kisha Katibu wa Riadha akaniita ofisini. Mashindano ya kimataifa ya ndani ya ukumbi, huko Ulaya, yalikuwa yameomba waamuzi wasaidizi kutoka nchi za mbali.

"Utakwenda wewe," alisema. "Na Kazungu anakwenda kuruka."

Kazungu alikuwa mpakuzi wa mizigo kwenye gati la Mbaraki, kijana mrefu aliyejifunzia kuruka katika uwanja wangu. Nilimpenda kama mwanangu.

Siku ya mchujo wa wanaume nilishika vibendera chini ya Mwamuzi Mkuu, mzee asiyecheka. Kazungu alikuwa ameshindwa mara mbili. Mruko wa tatu ndio wa kumwingiza fainali. Akikosa, safari imekwisha. Akakimbia, akapinda, akapaa. Upau ukatikisika, ukabaki. Akashuka godoroni mikono juu. Ndipo ukadondoka.

Mkono wangu ukainua cheupe wenyewe. Watu wakapiga makofi, Kazungu akanijia mbio huku akilia kwa furaha. Nami nikahisi shati langu limetulia mgongoni. Milango yote ilikuwa imefungwa. Humo hapakuwa na upepo hata wa kupeperusha karatasi.

Nikainua chekundu.

"Ami Salim, wafanya nini?"

"Umeugusa, mwanangu. Nimekosea mimi."

"Nani kakuuliza?"

Mwamuzi Mkuu akanisogelea. "Una hakika?" Kiingereza changu kilitosha kumjibu: nina hakika, bwana, ndani hakuna upepo.

Tulirudi kwa ndege moja, viti mbalimbali. Habari zilikuwa zimetutangulia. Siku chache baadaye, sokoni Marikiti, hamali mmoja aliegemeza mkokoteni wake akaniita mbele za watu.

"Shekhe! Huko Ulaya walikulisha nini hata ukamuuza mwenzio?"

"Barafu!" mwingine akadakia. "Imemganda roho!"

Wakacheka. Kumbe Kazungu alikuwa pale pale akichagua ndizi. Akaweka kikapu chini.

"Mwacheni mzee. Paja langu liligusa. Nilijua nikiwa bado hewani, nikanyamaza. Yeye hakunyamaza."

Kisha akanipa mkono. "Shikamoo, Ami."

"Marahaba," nikamwitikia.

Niliendelea na kazi hiyo hadi nilipostaafu, na sioni haya kusema kwamba najivunia. Nilikosea mara nyingine pia. Kila mara nilisema. Kazungu tulimzika mwezi uliopita kwao Rabai. Nilikaa na wazee matangani, mtu akaeleza jinsi marehemu alivyokuwa akiruka.

Vijana wanaojifunza uamuzi huja kuniuliza ni bingwa gani mkubwa niliyewahi kumwamua. Huwatajia Kazungu. Wakisema hawajapata kumsikia, huwaambia ni kweli, hakufika fainali.