Kiti cha Milimita Nne

Kiwandani walimwita Bonge, naye aliitika. Mgeni akisikia jina hilo likipigwa kelele kutoka mlango wa stoo hadi chumba cha wachoraji, aliona haya kwa niaba yake. Mwenyewe hakuona haya yoyote. "Nakuja, punguzeni kelele!" alijibu kila mara, na kazi ikaendelea. Alikuwa mwanamke mrefu, mpana wa mabega, mzito wa mwili tangu utotoni. Alikula kama watu wengine na alitembea kuliko wengi, na alikwisha kuchoka kuwaeleza watu mambo hayo mawili.

Kazi yake ilikuwa kuchora viti vya plastiki, vile vinavyopangwa kimoja juu ya kingine na kujaa kwenye kumbi, zahanati na vibaraza vya maduka. Alianza kiwandani hapo akiwa mpakiaji wa maboksi, akasomea uchoraji wa kompyuta kila alipotoka kazini, na nafasi ilipotokea akaenda kuiomba akiwa bado na vumbi la plastiki kwenye nywele. Waliomsaili walimwuliza kwa nini anataka kuchora viti. Akawaambia kwamba hakuna mtu katika jengo lile aliyevifikiria viti kwa muda mrefu kama yeye.

Watu wengi hudhani kiti huchorwa kikiwa kitu kizima. Sivyo. Kwanza Bonge alichora ngozi tupu, umbo la kiti lisilo na unene wowote, utando ambao ukiugeuza ubavu kwenye kioo cha kompyuta unapotea machoni kabisa. Aliweza kuuzungusha, kuutoboa matundu ya mgongoni, kuupinda uwe na miguu. Kuutengeneza hakuweza, kwa sababu kitu kisicho na unene hakipo duniani. Ndipo alipobofya amri ya unene, akaandika namba, akachagua upande: unene uende ndani, uende nje, au ugawanywe pande zote mbili. Ngozi ikajaa, ikapata kingo, ikawa kitu ambacho mtu angeweza kukishika. Wakati huo aliupenda kuliko yote. "Haya, sasa umezaliwa," alikiambia kiti.

Tatizo ni kwamba namba ile haikuwa yake. Ilikuwa ya Bosi Mdogo, mtoto wa mwenye kiwanda, kijana nadhifu aliyekabidhiwa ofisi baba yake alipostaafu. Bosi Mdogo hakuwa mtu mbaya. Aliwasalimu wafanyakazi wote na hakuchelewesha mshahara. Lakini kila kiti kilichokuja mezani kwake alikiangalia kwa uzito wa plastiki, na kila mara alisema neno lile lile: "Punguza."

Siku moja palikuwa na mkutano wa wazazi katika shule ya binti yake Bonge, msichana wa darasa la sita, mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa kuona aibu. Bonge alifika mapema, akachagua kiti cha safu ya pili. Alikitambua kabla hajakikalia, kwani matundu ya mgongoni yenye umbo la tone la maji alikuwa ameyachora yeye. Akakaa. Mwalimu mkuu alikuwa katikati ya maelezo ya sare mpya pale mguu wa nyuma ulipopasuka kwa mlio mkali, na Bonge akaenda chini na mkoba wake na karatasi za mkutano.

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Jamani, pole kiti!" alisema baba mmoja wa nyuma.

"Kiti kimeshakufa, mzee," Bonge alijibu akiwa bado sakafuni. "Nipe pole mimi niliye hai."

Wakacheka tena, safari hii pamoja naye, na wanawake wawili wakamshika mkono akanyanyuka. Lingekwisha hapo, lakini dirishani walikuwa wamesimama wanafunzi, na katikati yao alikuwa binti yake.

Njiani kurudi nyumbani msichana alitangulia hatua kadhaa mbele. Walipokaribia nyumbani alisema bila kugeuka, "Mama, siku nyingine ukija, simama tu."

"Nisimame?"

"Kule nyuma. Wako wazazi wanaosimama."

"Hao wamekosa viti."

"Sasa na wewe si…" Msichana aliyameza maneno yaliyobaki, lakini mama mtu aliyasikia yote.

"Mimi nachora viti, mwanangu. Sisimami nyuma ya ukumbi."

"Basi chora kinachokubeba!" Na machozi yakamtoka.

Usiku ule Bonge hakumlaumu mtoto, ila neno lile halikumtoka.

Wakati huo kiti kipya kilikuwa mezani kwake, cha kuchukua nafasi ya kile cha matundu. Ngozi ilikuwa imekamilika. Bosi Mdogo alikuwa ametaka unene wa milimita mbili na nusu, ule ule wa kiti cha zamani, na Bonge alikuwa ameshaandaa faili hilo. Asubuhi iliyofuata alifungua ngozi upya, akafuta namba, akaandika nne.

Kompyuta ikakataa. Mstari mwekundu ulitokea pale kiti kinapopinda kutoka kwenye kikalio kwenda mgongoni, juu tu ya mguu wa nyuma. Mkunjo ulikuwa mkali mno. Unene ulipoingia ndani, ngozi ilijikuta imejigonga yenyewe, kama mtu aliyevaa makoti matatu akashindwa kukunja kiwiko. Kwa bahati mbaya Bosi Mdogo alikuwa anapita.

"Hata kompyuta imekukataa, Bonge."

"Imekataa mkunjo. Mimi haijanikataa."

Alirudi nyuma, akaulegeza mkunjo, akaupa nafasi ya kupumua. Unene akausukuma upande wa chini, ili uso wa kukalia ubaki kama alivyouchora. Mgongoni aliacha wembamba, kwa kuwa mgongo ni wa kuegemea tu, na pale hakuwa na sababu ya kugombana na mtu. Kikalio, mkunjo na miguu akavipa milimita nne. Safari hii amri ilipita bila mstari mwekundu. Akavipanga viti kumi kimoja juu ya kingine humo humo kwenye kompyuta, akaona vinaingiliana vizuri, ila rundo limekuwa refu zaidi, maana yake lori litabeba vichache. Hilo hakulificha. Alimwandikia Bosi Mdogo waziwazi, akampelekea mafaili yote mawili.

Jibu lilikuja kwa maneno machache: kalibu ichongwe nyembamba.

Bonge akanyanyuka, akaenda mwenyewe kwenye karakana ya kalibu.

Kalibu ya kiti ni mapande mawili ya chuma yanayokutana, na plastiki iliyoyeyuka hujaza uwazi uliobaki kati yao. Uwazi huo ndio unene wa kiti. Aliyeichonga alikuwa fundi mzee aliyeitwa na wote Babu Chuma. Bonge alimkuta amesimama na Bosi Mdogo mbele ya mashine, pande la chuma likiwa limeshafungwa tayari kwa kazi.

"Shikamoo, Babu. Unaanza na ipi?"

"Marahaba. Nimeambiwa nyembamba, mwanangu. Na hata nisingeambiwa ningeanza na hiyo. Chuma nikishakitoa, sina pa kukirudisha. Nikianza na wembamba, kesho mkitaka unene nachonga kidogo, nawaongezea. Nikianza na unene, basi, imetoka hiyo."

"Umesikia?" Bosi Mdogo alisema, tena kwa upole. "Siyo ukaidi wangu. Ndivyo kazi inavyofanywa kila mahali. Tukiona kiti ni dhaifu, tutaongeza."

"Kile cha matundu mliniambia hivyo hivyo. Mliongeza lini?"

Bosi Mdogo alikuna shingo. "Mashine haikupata nafasi. Oda zilikuwa nyingi."

"Na hiki nacho hakitapata. Ndiyo maana nataka Babu aanze na unene. Nataka pasiwe na njia ya kurudi."

Babu Chuma alikohoa, akatazama vidole vyake.

"Bonge, tuambizane ukweli," alisema Bosi Mdogo. "Sitaki kukuvunjia heshima. Nimesikia yaliyokupata shuleni, na pole sana. Lakini watu wanakalia viti vyetu kila siku bila shida. Wewe una… hali yako. Siwezi kubadilisha kiti cha wateja wote kwa ajili ya mtu mmoja."

Bonge alimtazama, hakupepesa macho. Kisha akageuka, akatoka nje. Bosi Mdogo alidhani ameenda kulia.

Kilichofuata kusikika kilikuwa magurudumu ya toroli. Yalilia kutoka uani, yakapita stoo, yakapita mbele ya mashine za kumimina plastiki, na kila yalipopita watu waliacha kazi wakayafuata kwa macho. Bonge aliingia karakanani akilisukuma toroli kwa kifua, limejaa viti vibovu hadi juu. Akalipindua. Viti vikamwagika miguuni pa Bosi Mdogo kwa kishindo.

"Chagua nilivyovikalia mimi," alisema.

"Hivi ni vitu gani?"

"Ni viti vyetu vilivyorudishwa. Vinangoja kusagwa. Hiki kimetoka zahanati, soma hapo nyuma. Hiki cha kinyozi. Na hiki," akakinyanyua, "kimetoka shule ya chekechea. Niambie, bosi wangu, nilienda lini kukaa chekechea?"

Babu Chuma alishindwa kujizuia, akacheka hadi miwani ikateleza puani. Lakini mikono yake ilikuwa imeshaokota kiti kimoja, na kidole gumba kilikuwa kinapapasa ufa mweupe kwenye mkunjo. Akakiweka, akaokota kingine. "Hapo hapo," alinong'ona. "Vyote hapo hapo."

"Kwa nini sikuonyeshwa?" Bosi Mdogo aliuliza.

"Vipo nyuma ya choo cha wanaume. Unavipita kila siku."

Mlangoni watu wawili watatu walikuwa wameanza kujikusanya. Bosi Mdogo alishusha sauti. "Lori litabeba vichache. Bei itapanda. Wateja watalalamika."

"Watalalamika. Nimekuandikia hilo mwenyewe, sikukuficha."

"Na tusipouza?"

"Utanifukuza, ni haki yako. Lakini nisikilize." Akakiweka chini kile kiti cha chekechea. "Mwanangu ameniomba nikienda shuleni kwake nisimame nyuma ya ukumbi. Amenionea haya kwa sababu ya kiti nilichokichora kwa mkono wangu, kwa namba yako. Sitachora tena kiti ambacho siwezi kukikalia. Ukimwambia Babu achonge nyembamba, mimi leo hii narudi kupakia maboksi. Vyeo sivitaki. Boksi angalau halimwangushi mtu."

Babu Chuma alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, akaivaa tena. "Mimi nangoja kauli," alisema.

Bosi Mdogo aliinama, akasimamisha kiti kimoja ambacho ufa wake ulikuwa bado mdogo. Akakiegemea kwa kiganja, kwa nguvu ya kawaida tu, kama mtu anayejizuia asianguke. Mguu ulifunguka taratibu, ukaenda pembeni.

"Chonga kinene," alisema hatimaye.

"Nimesikia," alijibu Babu.

"Lakini jina lako ndilo litakalokuwa kwenye kazi hii, Bonge. Tukipoteza soko, sitakuwa na mahali pa kukuficha."

"Kwani mimi nafichika?"

Watu wa mlangoni waliangua kicheko, na Bosi Mdogo mwenyewe akatabasamu bila kupenda, akaondoka akiviruka viti vilivyotapakaa.

"Na hili faili jembamba?" Babu aliuliza. "Nilitunze, au?"

"Lifute."

"Una hakika, mwanangu? Mimi nina desturi ya kubakiza…"

Bonge alisogea mbele ya kompyuta ya mashine, akalifuta yeye. Babu alitikisa kichwa, akafunga mlango wa kioo. Maji meupe ya kupoza yakaanza kumwagika, na kisu kikaingia kwenye chuma.