Mjomba alimzuia mama kuvuka mto, sasa anadai mbuzi wa mahari yangu

Admin, tafadhali nifiche kabisa, maana hapa Kisangani tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka 27, mchumba wangu ni mwalimu, na Jumamosi familia yake inaleta mahari. Badala ya kufurahi nimejaa kinyaa.

Vita ilipofika Lubunga, ukingo wa kushoto wa mto, mimi na mama tulikuwa kule. Mama alikuwa na pumu, dawa zikaisha, na hospitali iko ng'ambo ya mto. Tulishuka kivukoni tukijua tumepona, kwa sababu msimamizi wa ruhusa za kuvuka alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, tumbo moja. Kumbe! Wakubwa wake kazini walikuwa wanatoa amri mpya juu ya amri ya jana: karatasi ya usalama, karatasi ya afya, na siku hiyo wameongeza sahihi ya chifu wa mtaa.

Nikamwambia mjomba: "Tonton, mama hapumue muzuri. Utuache tupite."

"Bon, sahihi ya chef iko wapi?"

"Chef alikimbia vita, iko kule ng'ambo!"

"Donc mungoje arudi. Loi iko loi, sheria ni sheria."

Yaani nivuke kumtafuta chifu ili aniruhusu kuvuka! Nililia mbele za watu. Mama akaketi chini. Mitumbwi ya makaa ilikuwa inapita palepale, kwa sababu amri ilitaja watu, haikutaja makaa. Mama alikata roho mchangani, kichwa chake mapajani mwangu. Na yule mtu, bila haya, akaniuliza kama nina kibali cha kusafirisha maiti.

Sasa kwetu, mbuzi wa mjomba asipotolewa, ndoa haijafungwa, na wazee wanasema sitazaa. Juzi alikuja, akala, akafuta mdomo, akaeleza mbuzi wake awe dume mnene na nimkabidhi mwenyewe nikiwa nimepiga magoti. Papa, baba yangu, ananisihi: "Mutoto yangu, umupatie tu. Alikuwa anafanya kazi yake." Kazi gani hiyo, jamani?

Mchumba wangu anasema ataheshimu nitakachoamua, ila mama yake anataka wajukuu na hataki laana nyumbani mwake. Nikimnyima mjomba, huenda nikapoteza ndoa. Nikimpigia magoti, nitakuwa nimekubali kwamba mama yangu alikufa kihalali.

Ndugu zangu, nisaidieni mawazo kabla ya Jumamosi. Mngekuwa mimi, mngempa?