Bi Rula na Programu Isiyohitaji Mkalimani

Watu wa jengo lile walimwita Bi Rula, na hawakuwa wakimsifu. Alichora ramani za majengo katika chumba kimoja cha ghorofa ya pili, yeye na mdogo wake wa kiume, na hakuwahi kupunguza hata nondo moja kwenye mchoro ili kumfurahisha mwenye nyumba. Waliotaka njia ya mkato aliwaonyesha mlango kwa upole. Watu wa namna hiyo huchosha, lakini nyumba zao hazidondoki.

Asubuhi hiyo walikuwa wanaomba kazi kubwa: jengo la shule ya msingi. Michoro yote ilitakiwa itumwe ikiwa furushi moja kabla ofisi ya zabuni haijafunga jioni. Kompyuta ilikuwa mpya, na ni yeye aliyeng'ang'ania inunuliwe. Ila kila alipoanza kubana mafaili yawe furushi hilo, feni ilikoroma, mashine ikapata moto kama pasi, na programu ikajifunga kazi ikiwa nusu.

"Dada, tumeuziwa mbuzi kwenye gunia," mdogo wake alisema.

"Mashine haina kosa. Hebu tazama."

Alifungua dirisha linaloonyesha programu zinazofanya kazi na aina ya kila moja. Zote zilikuwa za prosesa mpya, yaani ubongo wa mashine hii, isipokuwa ile ya kubana mafaili. Waliihamisha kutoka kompyuta ya zamani pamoja na vikorokoro vingine, kama watu wanaohama na kiti kilichovunjika mguu.

"Hii iliandikwa kwa prosesa za zamani," alisema. "Humu kila neno lake linapitia kwa mkalimani. Na kwa michoro mizito hivi, mkalimani kachoka."

Mdogo wake akatoka, akarudi na flashi aliyopewa na fundi wa kompyuta wa ghorofa ya chini.

"Toleo jipya kabisa, la prosesa hii hii. Kufuli lake limeshavunjwa, hatulipi hata senti."

"Nani kalivunja?"

"Nitajuaje? Si mjomba wetu."

"Basi simwingizi kwenye michoro ya shule mtu nisiyemjua. Na aliyeitengeneza ana watoto wa kulisha, kama wewe. Irudishe."

"Tukikosa kazi hii tutakula uadilifu."

"Tutakula. Umewahi kulala njaa kwangu?"

Mdogo mtu akashuka ngazi akinung'unika. Bi Rula akaingia mtandaoni. Ukurasa wa kwanza ulijaa vitufe vya kijani vinavyomsihi apakue, na ulijisifu kwamba programu yake inafanya kazi kwenye kompyuta mpya. Akaipakua, akaifungua, akatazama aina yake: prosesa ya zamani. Ilifanya kazi kweli, ila kwa mkalimani yule yule. Akaifuta.

Tangu hapo akasoma kama anayesoma mkataba wa kiwanja. Alitafuta mahali ambapo watengenezaji wenyewe wa programu ya kubana wameandika kwamba wameijenga upya kwa prosesa hizi. Akapaona, kwenye ukurasa mkavu usio na pambo lolote. Programu ilitolewa bure, na masharti yake aliyasoma mpaka mwisho, huku mdogo wake, aliyekwisha kurudi, akizunguka chumba.

"Dada, unasoma mkataba wa kitu cha bure?"

"Cha bure nacho kina mwenyewe. Kaa chini, unanipa kizunguzungu."

Akaiweka, akatazama aina yake: prosesa mpya, hakuna mkalimani. Programu ilikuwa na mtindo wake wa kubana zaidi, lakini akachagua ule wa kawaida unaofunguka kila mahali. "Watu wa zabuni hawatapakua programu kwa ajili yetu," alisema, akabonyeza.

Feni haikusikika. Mdogo wake alikuwa bado anauliza kama imeanza, nayo ilikuwa imemaliza. Akalipeleka furushi kwenye kompyuta ya zamani, akalifungua, akakagua mchoro mmoja mmoja. Kisha akalituma.

Karani wa zabuni alipiga simu kabla ya kufunga. "Ni nyinyi wa michoro ya shule? Imefunguka yote. Mmeingia kwenye ushindani."

Mdogo wake akashusha pumzi. "Na tukishindwa?"

"Tutakuwa tumeshindwa kwa michoro, si kwa kitu cha wizi," Bi Rula alisema, akivuta karatasi ya kazi nyingine. "Lakini hatushindwi. Nani mwingine aliyekumbuka kuwachorea watoto wa darasa la kwanza sinki wanazozifikia?"