Mafua Yasiyo na Kamasi

Wenzake ghalani walimbandika jina la Marashi, kwa sababu hakutoka kazini hata siku moja bila kuoga mara mbili na kujimwagia manukato. Miaka kumi na minane alikung'uta vumbi kwenye ngozi kavu za ng'ombe, na miaka yote hiyo aliona haya kunuka. Hata leo, homa ikiwa siku ya nne na kifua kimembana, alianza kwanza kujisugua kwa sabuni. Mkewe alisimama mlangoni, uvumilivu umemwisha.

"Baba nanihii, tunakwenda zahanati au harusini?"

Juzi alikwenda peke yake, akarudi na vidonge vya mafua. Mafua gani haya, mkewe alijiuliza tangu siku ile. Hapigi chafya, kamasi hata tone, leso yake kavu vilevile kama ilivyotoka kabatini. Anakohoa tu, na kupanda ngazi mbili anahema.

Zahanati walimkuta tabibu yuleyule wa juzi, na hakuinua uso. "Ni msimu wa mafua, mama. Nusu ya mtaa wanakohoa." Akamgeukia mgonjwa. "Mzee, kazi yako?"

"Biashara," Marashi akajibu.

Mkewe akapandwa na hasira. "Biashara ipi? Daktari, huyu anakung'uta ngozi. Wiki mbili nyuma waliletewa za ng'ombe waliokufa ghafla zizini, kaniambia mwenyewe huku anacheka. Nimechoka. Yeye anaona haya, mjane nitakuwa mimi."

Tabibu akaweka kalamu chini. Akampima pumzi, akasikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akamwagiza muuguzi aite gari la wagonjwa upesi.

"Huenda ni kimeta, ugonjwa wa ng'ombe, kile kinachoingia kifuani na vumbi la ngozi," alisema. "Kinaanza kama mafua, ila pua haichuruziki sana, na kifua ndicho kinachobana. Kikicheleweshwa kinaua. Mzee wangu, ungeniambia juzi." Akavuta daftari la wagonjwa. "Nani mwingine alizikung'uta ngozi hizo?"

Marashi aliinamisha kichwa. "Shemeji yangu."

Mkewe alikuwa na kaka mmoja tu, na kazi ile Marashi ndiye aliyemtafutia. Tabibu akauliza jina lake, akapekua kurasa, kidole kikasimama kwenye mstari wa jana: homa, kikohozi, mafua, amerudishwa nyumbani. Kazi yake: biashara.

"Nilimwambia mimi ajibu hivyo," Marashi alisema.

Mkewe alikuwa ameshatoka, anakimbia.