Jumapili niliyoiombolezesha Chang'ombe bila msiba

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinipata mwenyewe na sijatia chumvi. Kama ulikuwa Chang'ombe, Dodoma, siku ile, nisahihishe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, redio binafsi zinachipuka kama uyoga. Yetu ilikuwa vyumba viwili vya kupanga. Studio tuliziba dirisha, tukabandika trei za mayai ukutani kuua mwangwi. Ukikaa mle unajihisi kifaranga.

Mimi nilipewa saa moja tu, Jumapili saa nane mchana, nipige muziki wa okestra. Fidla, kinanda, filimbi, hakuna anayeimba. Niliupenda kama harufu ya mvua ya kwanza kwenye udongo mwekundu.

Mwenye redio, tuliyemwita Mzee, hakuupenda.

"Kijana, sijaona hata mtu mmoja anayesikiliza vifidla vyako. Leo ndiyo mwisho. Wiki ijayo naweka kipindi cha salamu."

Nikaamua kuaga kwa heshima. Nikachagua CD yenye kipande cha taratibu kuliko vyote, nikabonyeza repeat ili kijirudie, nikaacha kutangaza jina ili kiingie mioyoni chenyewe.

Kisha nikaenda msalani.

Sasa wakuu, kitasa cha studio kilikuwa kibovu. Mlango ukijifunga, kwa nje haufunguki. Kwa hiyo siku zote tuliuzuia kwa kandambili moja ya bluu.

Siku hiyo kandambili nilikuwa nimeivaa mimi.

Niliporudi nikakuta mlango umejifunga. Ndani, fidla zinalia.

Nikatoka nje kutafuta msaada. Baa ya jirani ikazima dansi lake. Ikafuata ya pili. Ikafuata ya tatu. Nywele zilinisimama kwa furaha. Nikajisemea, hatimaye mji umeelewa fidla.

Kumbe! Mnakumbuka enzi zile: redio ikipiga muziki mzito usio na maneno, mtangazaji kanyamaza, maana yake kuna mkubwa amefariki.

Jirani yetu, mama mmoja wa makamo, akafika getini kajifunga khanga kiunoni.

"Mwanangu, nani ametutoka?"

"Hakuna, mama."

"Usinifiche, mimi mtu mzima."

Nyuma yake watu wakazidi kujaa, wengine na baiskeli kutoka Mkonze. Mlinzi wa ofisi ya serikali iliyotazamana nasi alikuwa ameshashusha bendera nusu mlingoti. Nikamwomba aipandishe. Akasema hawezi, anasubiri tangazo.

Na tangazo lilikuwa nyuma ya mlango.

Mzee akaja mbio, shati kafunga kifungo kimoja. "Kandambili iko wapi?"

Nikatazama chini. Akaangalia miguu yangu.

Fundi aliletwa kutoka Kizota kwa baiskeli, akang'oa kitasa chote. Nikarukia kipaza sauti, na maneno yakatoka bila kuniuliza:

"Ndugu wasikilizaji, poleni sana. Hakuna aliyekufa. Kilichokufa ni kitasa."

Kicheko kilianzia getini, kikapita baa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bendera ikapanda. Mimi nikangoja kufukuzwa.

Mzee alisimama mlangoni akiutazama ule umati.

"Hawa wote walikuwa wanasikiliza?"

"Ndiyo, Mzee."

"Vifidla?"

"Vifidla."

Akakuna kichwa. "Basi endelea. Ila kila kipande kikiisha, useme wote wazima."

Nikasema hivyo kila Jumapili kwa miaka minne. Hadi leo yule mama nikimwamkia sokoni, anaitikia: "Marahaba. Wote wazima?"

Funzo nililobeba: ukidhani husikilizwi, hebu nyamaza kidogo uone nani atakuja kukuulizia. Na kabla ya kwenda msalani, angalia umevaa nini.

Waliowahi kukaa mbele ya kipaza sauti, mwageni yenu hapa tucheke pamoja. Na wewe mlinzi wa bendera, kama umo humu, niwie radhi kaka. Ulifuata utaratibu.